Mbwa Aliyepita Chini ya Teke

Milimani, Kisumu
11 Januari 2025

Kwa Mwalimu Zadock Ondiek, Katito

Mwalimu,

Pokea salamu zangu. Jina langu ni Dorca Naswa. Nilikuwa msimamizi wa wauguzi katika hospitali anayofanyia kazi binti yako Lorine, kabla sijastaafu. Lorine ameniomba mbwa kwa ajili yako. Anasema tangu mama yake afariki, huzungumzi na mtu ila redio, na redio yenyewe unaikosoa. Nimekubali, lakini kwa majaribio ya miezi sita.

Mbwa anakuja na Fabian, yule wa pikapu ya maziwa, ndani ya kikapu. Jina lake ni Pili, kwa kuwa alizaliwa wa pili. Ana miezi tisa. Mbegu yake huitwa kogi, na asili yao ni Wales, ng'ambo. Marehemu mume wangu, Wechuli, aliwapata wawili wa kwanza kutoka kwa familia moja iliyohama hapa Milimani, na tangu hapo nimewalea mimi. Siuzi. Humpa mtu ninayemwamini.

Mpige brashi kila baada ya siku mbili, la sivyo utakula manyoya kwenye ugali. Asiruke kutoka mahali pa juu, maana mgongo wake ni mrefu na huumia upesi. Kupe watolewe kwa mkono. Asinenepe. Ukikosea hayo nitakugombeza na kukusamehe. Nisilosamehe ni moja tu: asikaribie ng'ombe. Mbwa wa Wechuli alikufa kwa teke la ng'ombe nyumbani kwetu Port Victoria, mwaka wa 2019, mikononi mwangu. Nikisikia Pili amekwenda kwa ng'ombe, nitamchukua siku hiyo hiyo.

Uniandikie kila mwezi, kwa kalamu. Kwenye simu watu hudanganya haraka mno.

Ni mimi,
Dorca Naswa

*

Katito
2 Februari 2025

Kwa Mama Dorca Naswa

Mama,

Nimepokea barua yako pamoja na kiumbe ulichokituma. Kwa kuwa wewe ni Msamia nami ni Mjaluo, umefanya vyema kuchagua Kiswahili.

Sina budi kukuarifu kwamba mbwa huyu ana kasoro. Fabian alipomshusha nilidhani amemkalisha. Nikamwambia, "Msimamishe basi, nimwone."

Akajibu, "Mwalimu, amesimama."

Siku ile nilimpa samaki wa omena kwa ajili ya mifupa, na nimeendelea kumpa asubuhi na jioni. Kila Jumapili baada ya ibada huupima mguu wake wa mbele kwa rula. Jumapili ya kwanza ulikuwa sentimita kumi na mbili. Leo ni sentimita kumi na mbili. Wanawake wanaokwenda kisimani wameanza kunipigia kelele njiani: "Mwalimu, huyo mbwa amezama ama?" Mwingine aliniuliza kama nimemleta nusu, nusu nyingine inakuja na Fabian kesho. Nimefundisha wazazi wao na sikuwafundisha ufidhuli huo.

Tafadhali nijulishe kama kuna dawa ya mifupa unayoijua wewe uliyekuwa muuguzi.

Kuhusu sharti lako, ninao ng'ombe kumi na mmoja, walioachwa na marehemu mke wangu Seline. Zizi lao lina lango. Nimesoma ulichoandika na nimekubali.

Wako mwaminifu,
Zadock Ondiek

*

Milimani
9 Februari 2025

Mwalimu,

Nimecheka mpaka jirani yangu Amirah akapiga hodi kwenye ua kuuliza kama niko salama. Nilipomsomea barua yako akaketi chini kwenye nyasi.

Acha kupima. Miguu ya Pili imekwisha kukua. Haitaongezeka hata ukimlisha ziwa zima, utakachokuza ni tumbo. Omena mara moja kwa siku inatosha, kiganja kimoja. Hana kasoro yoyote. Miguu hiyo ndiyo ukamilifu wake. Wafugaji wa kule waliwazalisha hivyo kwa makusudi, vizazi kwa vizazi, na walikuwa na sababu yao. Sababu yenyewe usiniulize.

Mtazame masikio akisikiliza, Mwalimu. Mtazame anavyokutazama kabla hujasema. Kisha uniambie kuhusu kasoro.

Dorca

*

Katito
30 Machi 2025

Mama Dorca,

Pili ni mzima. Uzito wake ni kilo kumi na moja, nilimpima kwa mizani ya posho mill, kule tunakosaga mahindi. Humpiga brashi kila siku. Hajaruka kutoka mahali popote pa juu. Hutembea asubuhi na jioni, mwendo mrefu, na hulala vizuri.

Uliposema kwamba miguu yake ndiyo ukamilifu wake, sikukuelewa. Sasa nimekuelewa, na sina swali tena kuhusu jambo hilo.

Mengine hayana uzito wa kuandikwa.

Wako mwaminifu,
Zadock Ondiek

*

Katito
30 Machi 2025

Binti yangu Lorine,

Nimemaliza sasa hivi kumwandikia Mama Naswa barua ambayo kila neno lake ni la kweli, nayo ni barua ya uongo. Sijawahi kufanya hivyo. Naomba uisome hii peke yako.

Unajua kwamba mchunga ng'ombe wetu alituacha akaenda kuendesha bodaboda sokoni Katito. Unajua pia goti langu. Nilikuwa nimekubaliana na kaka yako kwamba ng'ombe wa mama yako wauzwe wakati wa Pasaka, kwa sababu siwezi tena kuwafuata, na mtu asiyeweza kufuata ng'ombe hana ng'ombe. Sikukwambia. Nilikuwa nikiwahesabu kila asubuhi kama mtu anayeaga.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilifungua zizi. Wakatoka, na Rateng', yule mweusi mkorofi, akawaongoza moja kwa moja kuelekea mahindi ya Mzee Ooko. Nikaanza kukimbia, goti likakataa, nikabaki nimeshika nguzo nikipiga kelele kama mlevi. Pili nilikuwa nimemfungia nyuma ya lango la boma. Alipita chini yake. Lango lile nililitengenezesha kuzuia mbwa, lakini fundi alikuwa na mbwa wengine akilini.

Lorine, sijui niandike nini. Hakubweka. Alikwenda mbio, tumbo likigusa umande, akamshika Rateng' kisigino, akauma, akalala chini palepale. Rateng' akarusha teke. Nililiona teke lile. Lilikuwa la kuua. Lilipita juu ya kichwa chake, mahali hasa ambapo fuvu la mbwa mwingine yeyote lingekuwa, likapiga hewa. Kabla mguu haujarudi chini, Pili alikuwa amekwisha hamia kisigino cha pili.

Nilielewa miguu ile kwa mara moja. Mimi mzee nilikuwa nikiilisha omena ili irefuke! Kila sentimita niliyomwombea ingekuwa kifo chake.

Hakuna aliyemfundisha. Amezaliwa Milimani na kulala kwenye zulia. Aliwarudisha wote kumi na mmoja, akawasimamisha mbele yangu, akanitazama, kana kwamba anauliza wapelekwe wapi. Nilinyoosha mkono kuelekea malishoni. Akaenda.

Tangu siku ile ndiye anayewachunga. Mimi huketi kwenye kichuguu na fimbo yangu, sina kazi yoyote ila kustaajabu. Mama yako angelia kwa furaha.

Nikimwambia Mama Naswa, atamchukua, na ng'ombe watauzwa. Kwa hiyo simwambii. Nawe usimwambie.

Baba yako

*

Milimani
21 Aprili 2025

Mwalimu,

Heri ya Pasaka. Barua zako nimeziweka pamoja kwenye kopo la biskuti. Watu wengine niliowapa mbwa huandika mistari miwili: "Mbwa yuko poa, Mungu ni mwema." Wewe unapima kwa mizani ya posho mill. Nilimwambia Lorine, baba yako ni mtu ambaye nikisoma alichoandika sihitaji kwenda kuangalia. Lorine akaniitikia tu kwa kichwa, nikadhani amechoka na kazi.

Mwezi wa saba ukifika nitakukabidhi karatasi za Pili, awe wako kabisa. Nimekwisha amua. Endelea tu hivyo.

Dorca

*

Milimani
17 Juni 2025

Mwalimu Ondiek,

Leo Amirah amenipa simu yake juu ya ua. "Dorca, huyu si mbwa wako?" Video imezunguka Kisumu nzima. Matanga huko kwenu, watu mamia, ng'ombe wamejaa barabarani, na Pili katikati ya kwato.

Kesho Fabian anapita. Mtie kwenye kikapu.

D. Naswa

*

Katito
18 Juni 2025

Mama Dorca Naswa,

Pili anakuja na barua hii. Nimempiga brashi. Kupe hana.

Sina utetezi. Tangu mwezi wa tatu amekuwa akichunga ng'ombe wangu kila siku, nami nilikuandikia kwamba "hutembea". Sikusema uongo kwa maneno, nilisema uongo kwa kuyaacha. Nilipokuwa mwalimu niliwaadhibu watoto kwa kosa hilo, na niliwaadhibu zaidi kuliko walionidanganya waziwazi, kwa sababu niliona ni uongo wa mtu mwenye akili. Umeweka barua zangu kwenye kopo. Zitoe.

Nakuomba ruhusa ya jambo moja tu, nikueleze ulichokiona, kwa sababu simu haikuonyesha mwanzo wake.

Jirani yangu Mzee Ooko alifariki, na ilitupasa kupeleka ng'ombe. Desturi hiyo sisi huiita tero buru. Ng'ombe wa maboma ya jirani hukusanywa, wakakimbizwa hadi mpakani kwa nyimbo na filimbi ili kukifukuza kifo, kisha wakarudishwa nyumbani kwa marehemu. Siku ile walikuwa arobaini na watatu, wakiwemo wangu. Pili nilimfungia jikoni, nikaweka jiwe mlangoni. Naapa hilo ni kweli.

Tulipokuwa tukirudi, mtu wa muziki alijaribu spika zake, zikatoa mlio kama bati linalopasuliwa. Ng'ombe wakatawanyika, wakaelekea barabara ya Kendu Bay, na malori yalikuwa yakija. Vijana waliacha kuimba. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Ooko amekataa kwenda." Watu walianza kuogopa, Mama, si kwa ajili ya ng'ombe tu.

Ndipo nikamwona. Alikuwa amechimba chini ya mlango wa jikoni. Hakuwafuata. Alikimbia mbali upande wa kulia, peke yake, nikadhani ametishwa na spika naye anatoroka. Kisha nyasi za kando ya barabara zikatikisika, akatokea mbele ya ng'ombe arobaini na watatu, kati yao na lami, akiwa hana kimo cha sufuria. Akajilaza. Akawatazama.

Walisimama. Siwezi kukueleza kwa nini fahali mwenye uzito wa mawe asimame mbele ya kitu kama kile. Nimeishi miaka sabini na mbili na sijui. Aliyekataa kugeuka aliumwa kisigino, akarusha teke, teke likapita juu. Kwa muda wa nusu saa alikwenda kushoto na kulia, mpaka wakarudi wote kwa pamoja, wakitembea, wakapita mbele ya jeneza la Ooko kwa utulivu nisioupata hata darasani. Mjane, Mama Lornah, ambaye hakuwa ametamka neno kwa siku mbili, alinyanyuka kwenye kiti akauliza, "Huyo ni nani?"

Hakuuliza ni kitu gani, Mama. Aliuliza ni nani.

Ng'ombe wa Seline watakwenda sokoni Ahero mwishoni mwa mwezi wa saba. Siandiki hayo ili unihurumie. Nimeazimia nisiache neno tena.

Zadock Ondiek

*

Milimani
6 Julai 2025

Mwalimu,

Nilikuwa nimeamua nisikujibu.

Pili anakula nusu ya chakula chake. Saa kumi kila jioni husimama na kunizunguka mara tatu, kisha hunitazama kwa muda mrefu, halafu hukata tamaa na kulala. Jumatano chama cha akina mama wa kanisa walikuja kwangu, wanawake kumi na wawili. Tulikuwa tumekaa kila mtu mahali pake kwenye bustani. Baada ya nusu saa tulijikuta sote tumesimama kwenye kona ya ua, karibu na bomba, tumebanana, na hakuna aliyeweza kusema tulifikaje pale. Amirah alikuwa akitazama kutoka kwake. Akapaza sauti: "Dorca, mwambie awapeleke na malishoni basi, mmeshapangwa!" Wote walicheka. Mimi nilimtazama Pili akihesabu vichwa vyetu.

Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na moja. Namjua mtu aliyelazwa ilhali si mgonjwa.

Jumamosi ijayo, tarehe kumi na mbili, nitakuja naye. Sikuahidi kitu. Nataka kuona kwa macho yangu, kisha niamue, na nikisema hapana itakuwa hapana. Usiuze ng'ombe kabla sijafika. Na usinipikie kuku, sitaweza kula.

Dorca

*

Milimani
13 Julai 2025

Mwalimu,

Jana sikusema chochote, nikapanda gari la Lorine nikaondoka. Uliniaga kwa heshima kama mtu anayesindikiza jeneza. Nisamehe.

Ulikiri kwamba ulidanganya kwa kuacha maneno. Mimi nimefanya hivyo miaka sita.

Mbwa wa Wechuli hakuuawa na ng'ombe. Siku ile Port Victoria nilitoka jikoni nikamwona nyuma ya ng'ombe wa shemeji yangu, anafanya hasa alichofanya Pili jana, chini kabisa, anauma na kulala, anauma na kulala. Teke la kwanza lilipita juu yake. La pili likapita. Sikujua nilichokuwa nikikitazama, nilijua kuogopa tu. Nikapiga kelele. Nilimwita kwa jina, kwa nguvu zangu zote. Hakuna mtu ambaye mbwa yule alimtii kuliko mimi, Mwalimu. Aliposikia sauti yangu aliinuka, akageuza kichwa anitazame nataka nini. Ukwato ukamkuta hapo.

Wechuli alikuja mbio, nikamwambia, "Ng'ombe amempiga." Ilikuwa kweli. Sikuongeza neno. Alifariki miaka miwili baadaye, akiwalaumu ng'ombe wa kaka yake, nami nikimwacha awalaumu. Ndipo nikaweka sharti lile, nikawapa watu wote, na kila mtu alinionea huruma.

Jana ulipofungua lango, Pili hakuniangalia hata mara moja. Rateng' wako aliporusha teke la kwanza, nilihisi jina la Pili limefika kwenye meno yangu. Nilichukua pembe ya leso nikaiuma. Ulinitazama, ukadhani nalia. Nilikuwa nimejiziba. Mateke sita, nilihesabu. Yote sita yalipita juu ya kichwa chake, na kila moja nililiacha lipite bila kusema neno. Kisha wakateremka malishoni wote, kwa mstari, na yule mdogo nyuma yao kama mwenye mali. Jua lilikuwa juu ya ziwa kule mbali. Nilijiambia, Dorca, huyu ndiye uliyemfungia kwenye zulia.

Karatasi zake zinakuja na Fabian. Ni zako. Pili abaki na ng'ombe wa Seline.

Nakuomba jambo moja, na si sharti. Akiwa kazini, mtu yeyote asimwite.

Dorca

*

Katito
27 Julai 2025

Mama Dorca,

Karatasi zimefika. Nilizisoma mara mbili, nikazifunga pamoja na cheti cha ndoa yangu, kwa kuwa sina mahali pa heshima zaidi. Kuhusu mengine uliyoniandikia, sitatoa maoni. Niliyasoma nikiwa nimevua kofia.

Nina jambo la kukuarifu. Alhamisi alasiri mawingu yalikuja kwa haraka kutoka ziwani. Nilimnyooshea Pili mkono awarudishe ng'ombe. Akaleta kumi, akaniachia langoni, akarudi kumfuata wa kumi na moja, mtamba mwekundu ambaye alikuwa amebaki karibu na kijito. Alichelewa. Nikateremka polepole na fimbo yangu.

Nilimkuta amelala chini, hatua kama kumi kutoka kwa yule mtamba, kidevu juu ya nyasi. Hakusogea. Nilidhani ameumia, au kwamba hatimaye ameogopa. Ngurumo zilikuwa zimeanza na matone makubwa yalikuwa yakianguka. Nilifungua mdomo nimwite.

Sikumwita.

Ndipo nikaona kwamba mtamba alikuwa amezaa. Ndama alikuwa bado na utelezi, anajaribu kusimama. Alisimama, akaanguka. Akasimama tena, akaanguka. Mimi nilisimama, mbwa akalala, mtamba akamlamba mwanawe, na hakuna kati yetu aliyefanya jambo lolote kwa muda nisioweza kukadiria. Mara ya nne ndama akasimama akabaki amesimama, miguu yote minne ikitetemeka.

Pili akanyanyuka. Alizunguka mbali sana, mbali kuliko alivyowahi kuzunguka, akatokea nyuma yao. Hakuuma. Hakukaribia. Alitembea kwa mwendo wa ndama. Ndama aliposimama alisimama, alipokwenda alikwenda. Sijui ni nani aliyemwambia kwamba huyu hasukumwi.

Mvua ilitukuta njiani sote wanne, na hakuna aliyeharakishwa.

Zadock Ondiek